Juma Moja Addis Ababa, Mtoto Mgongoni



Katika mkutano wetu wengi waliniuliza: ile safari ya Addis Ababa ilikuwa ya nini, na zile dola 600 za sanduku letu zilifanya kazi gani? Niliahidi kuandika, na ahadi ni deni. Basi habari yenyewe ni hii, tangu mwanzo.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni rubani. Ndiye yule mliyezoea kumwona pale soko la Virunga akiuza fromaji za Masisi, amezipanga ndani ya karai, mtoto mgongoni. Wengine walimnunulia, wengine walimcheka. "Rubani gani huyu anauza fromaji?" Kuna waliosema alifukuzwa, kuna waliosema hakuwahi kurusha ndege hata siku moja.

Hakufukuzwa. Mwezi wa tatu 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mipaka ilifungwa na ndege za abiria zikasimama. Kampuni yake, ambayo sitaitaja jina, iliwaandikia marubani barua: kaeni nyumbani bila mshahara, tutawaita. Mambo hayo hayakuwa ya Congo peke yake. Mwaka 2019 abiria wa ndege duniani walikuwa kama bilioni 4.5. Mwaka 2020 walibaki kama bilioni 1.8. Marubani wa nchi tajiri na wa nchi maskini waliketi nyumbani pamoja.

Ndege za Congo ziliruhusiwa tena tarehe 15 Agosti 2020. Lakini kampuni ilirudisha ndege chache, na walioitwa kwanza ni wazee wa kazi. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kuandikwa, akawa wa mwisho kuitwa. Alingoja miaka miwili. Ndani ya miaka hiyo Nyiragongo ililipuka, tarehe 22 Mei 2021, naye alitembea kwa miguu hadi Sake akiwa na mimba ya miezi sita. Mwezi wa nane akazaa mtoto mwanaume. Alipewa jina la babu yetu, kwa hiyo wote tunamwita Babu, ingawa meno yake ni mawili tu.

Barua ya kumwita kazini ilifika mwezi wa tatu 2022. Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka jirani wakatoka nje. Mwenye barua hakupiga. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia, "Yaya, hawanirudishi kazini. Wananirudisha masomo."

Hapo nilianza kuelewa kazi yake. Mwanamke akiacha shamba miaka miwili, anarudi na jembe lake, analima. Rubani hawezi. Ili abebe abiria, sharti awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Sharti daktari ampime macho, masikio, moyo na damu, na cheti chake kiwe hakijaisha. Sharti pia afanye mtihani wa aina ya ndege anayoendesha, na mtihani huo hurudiwa kila baada ya miezi. Siku 90 zilikuwa zimempita mara nane. Mbele ya sheria, mikono yake ilikuwa imesahau, hata kama yeye mwenyewe alidhani inakumbuka.

Kampuni ilikubali kulipa mafunzo Addis Ababa, tiketi yake na kitanda chake. Lakini mtoto wa miezi minane anayenyonya hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Baba yake yuko kazini Kolwezi. Mama mdogo ana miguu mibaya, hawezi safari. Kumwachisha Babu ziwa kwa siku tatu ili mama yake aondoke, wote tuliona si haki kwa mtoto.

Ndipo tulileta neno kwenye sanduku letu la akiba. Mnakumbuka mabishano. Mama mmoja aliuliza, "Sanduku ni la biashara. Akianguka mtihani, nani atatulipa?" Lilikuwa swali la haki, wala hakuuliza kwa ubaya. Mwingine akamjibu, "Na sisi tukikopa ya kununua mbuzi, mbuzi hafi?" Tulicheka, tukapiga kura, na makufuli matatu yakafunguliwa. Dola 600, kurudishwa kwa miezi kumi. Mimi masomo yalikuwa kwenye likizo ya Pasaka. Nikafunga kitenge, nikambeba Babu.

Kwetu Goma, yaya ni mkubwa wako. Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, yaya ni mlezi wa mtoto. Juma lile nilikuwa yaya wa namna zote mbili.

Addis Ababa iko juu kuliko kwetu. Uwanja wa ndege wa Bole uko kwenye mita zaidi ya 2,300, na Goma ni kama 1,500. Usiku wa kwanza tulilala Babu katikati yetu, amevishwa soksi mbili. Asubuhi hewa ilinukia majani ya mikaratusi, na barabarani wanawake walipita wamejitanda vitambaa vyeupe vyepesi, wengine na watoto mgongoni kama sisi. Majumba ni marefu, mengine bado yamezungukwa na miti ya wajenzi. Treni ya umeme inapita juu ya daraja katikati ya mji. Chini yake kuna mwanamke anachoma mahindi kwenye makaa, kama vile uko Birere.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa ya mama mmoja mjane. Aliongea Kiingereza kidogo, na mimi kidogo zaidi. Jioni ile ya kwanza alituambia kwamba gari la kumchukua mdogo wangu litafika saa moja. Mdogo wangu akashtuka, juu ya karatasi yake ya mafunzo ilisema saa saba za hesabu ya Kizungu. Alidhani ratiba imebadilishwa, akataka kupiga telefone. Mimi nikacheka. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi Waswahili: jua likichomoza, siku inaanza, na saa ya kwanza kisha hapo ni saa moja. Miaka ya kuongea Kifaransa na lugha ya marubani ilikuwa imemsahaulisha saa za nyumbani kwake.

Na mwaka wao si wetu. Tulikuwa mwezi wa nne 2022, lakini kwa kalenda yao ulikuwa bado 2014. Mdogo wangu aliposikia hivyo alisema, "Basi hapa korona haijafika bado. Na mimi bado nina kazi."

Chuo cha urubani cha Ethiopian Airlines kiko karibu na uwanja wa Bole, na marubani wa nchi nyingi za Afrika hupita hapo. Mimi sikuingia. Mlango ule ni wa wenye beji. Ninayowaambia, mdogo wangu alinichorea jioni nyuma ya karatasi, huku ananyonyesha.

Mashine ya mazoezi inaitwa simuleta. Kwa nje ni kama chumba cheupe kisicho na dirisha, kimesimama juu ya miguu sita ya chuma inayorefuka na kufupika. Kwa ndani ni chumba cha rubani kamili, viti viwili, saa zote, vitufe vyote, na mbele yake picha ya uwanja wa ndege. Miguu ile ikicheza, mwili unaamini kwamba umepaa. Wanaingia marubani wawili, na mwalimu anaketi nyuma yao. Mwalimu ndiye anayeleta mvua, ukungu, moshi na injini inayokufa. Zoezi moja ni masaa manne, na kuna maelezo kabla na maelezo baada. Kwa hiyo mama wa Babu alikuwa akiondoka saa moja na kurudi karibu saa tisa.

Sasa tuongee maziwa, juu ya hapo ndipo vita yangu ilikuwa. Usiku mdogo wangu alikamua kwa pompe ya mkono, tukaweka kwenye friji ya mama mwenye nyumba. Maziwa ya mama yanakaa masaa manne nje, na siku nne ndani ya friji. Hilo tulifundishwa kliniki. Lakini Babu hakutaka chupa. Aliisukuma kwa ulimi, akageuza uso, akalia mpaka saa sita. Nilimbeba nikizunguka uani, nikaimba nyimbo zote ninazojua, hata zile za darasa la kwanza. Sikuogopa njaa yake peke yake. Niliogopa mama yake akirudi na kumkuta hivi, kesho hataenda.

Mama mwenye nyumba alitoka jikoni. Hakusema kitu. Alirudi na kikombe kidogo kisicho na mkono, kile wanachonywea kahawa, akamimina maziwa kidogo, akagusisha midomo ya Babu bila kumwaga ndani. Babu akanusa, akalamba, akanywa. Akamaliza vikombe sita. "Mamush," mama yule akamwambia, yaani kijana mdogo. Ilikuwa kipindi cha mfungo wa Waorthodoksi kabla ya Pasaka yao, ambayo mwaka ule ilifuata yetu juma moja. Hawali nyama, hawanywi maziwa. Katika nyumba ile nzima mnywaji wa maziwa alikuwa Babu peke yake, tena kwa kikombe cha kahawa. Wamama, kama mtoto wako anakataa chupa na wewe unarudi kazini, jaribu kikombe kidogo, polepole, mtoto akiwa ameketi wima.

Siku ya kwanza mdogo wangu alirudi anacheka. Mikono ilikumbuka mengi. Siku ya pili alirudi amenyamaza. Alimchukua Babu, akaketi kitandani, akageukia ukuta. Nilimpa injera na shiro, hakugusa.

Usiku ndipo alisema. Mwalimu aliua injini moja wakati ndege inaacha ardhi. Hilo ni zoezi ambalo kila rubani hufanya. Ndege inavutwa upande mmoja. Rubani anakanyaga pedali, anaiweka sawa, inapanda kwa injini moja. Kisha wawili wanathibitisha pamoja ni injini gani imekufa, ndipo inazimwa. Yeye aliona taa, moyo ukaruka, mkono ukakimbia kabla ya macho. Alishika mkono wa injini nzima. Mwalimu akasimamisha mashine. Picha ikaganda hewani, na chumba kikawa kimya.

Hilo si kosa dogo. Mwaka 2015 huko Taipei ndege ya propela ilipoteza injini moja ikipaa, na marubani wakazima ile iliyokuwa nzima. Watu 43 walikufa. Kila rubani anajua habari ile.

"Mwalimu alikukemea?" nikamuuliza.

"Hapana. Aliniuliza tu, mbona unakimbia, nani anakufukuza?"

Akalia. Akasema kila alipofunga macho aliona karai la fromaji, na deni la sanduku, na barua, na wale wanaomcheka sokoni. Akasema, "Yaya, nilitaka kuwaonyesha upesi kwamba sijasahau. Turudi Goma. Kuuza fromaji hakuui mtu."

Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wanaolia nimewazoea. Lakini usiku ule sikuwa na somo. Nilimwambia tu habari zangu. Masomo yalipofungwa tarehe 19 mwezi wa tatu 2020, mimi pia nilikaa bila mshahara, juu ya masomo yetu ni ya binafsi na wazazi hawakulipa kitu. Nilikaanga mandazi. Wakati madarasa yalipofunguliwa tarehe 12 mwezi wa kumi, nilisimama mbele ya watoto 58, chaki mkononi, na sauti haikutoka. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kuanza. Nusu ya watoto walikuwa wamesahau kugawanya. Hakuna mtu aliyeketi nyuma yangu kuangalia. Hakuna aliyesema, mwalimu, rudia mara tatu kwanza. Tuliendelea na programu kama vile hakuna kilichotokea, na mpaka leo naona mashimo ya mwaka ule kwenye madaftari ya watoto.

"Wewe umekosea mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kukuona unakosea," nikamwambia. "Mimi nilikosea juu ya watoto wa watu."

Hakujibu. Lakini akala shiro, ilikuwa imepoa.

Asubuhi mama mwenye nyumba alitutengenezea kahawa kabla ya gari. Kwao kahawa si ya kunywa mbio. Aliosha punje mbele yetu, akakaanga juu ya makaa, akatupitishia moshi tunuse, akatwanga, akachemsha ndani ya chungu cheusi chenye shingo ndefu. Vinanyweka vikombe vitatu. Cha kwanza ni kikali na kinaitwa abol, cha pili tona, na cha tatu, chepesi, ni baraka. Tulipolisikia neno hilo tulitazamana. Mdogo wangu alitaka kusimama baada ya cha kwanza, gari lilikuwa limefika. Mama yule akamshika mkono, akamketisha. Dereva akaingia naye akanywa. Hakuna aliyekimbia. Alipotoka alikuwa amemaliza cha tatu.

Marubani wana neno lao ambalo aliniambia jioni ile: kwanza shika ndege iruke, kisha jua unakokwenda, kisha ndipo useme na watu. Siku ya tatu injini ilikufa tena mara nne, kushoto, kulia, mvuani, usiku. Kila mara aliweka mikono, akashika ndege kwanza, akahesabu kimya, kisha akataja kwa sauti anachoona, mwenzake akakubali, ndipo akazima. Siku ya nne vivyo hivyo. Siku ya tano ilikuwa mtihani. Alirudi saa kumi, akasimama mlangoni bila kusema, akainua karatasi. Mimi nilipiga vigelegele, mama mwenye nyumba akaviitikia. Vigelegele vya kwao na vya kwetu havina tofauti.

Siku iliyobaki tulitembea kidogo. Tulimwona Lucy kwenye Makumbusho ya Taifa, mifupa ya mama wa kale wa zaidi ya miaka milioni tatu, aliyepatikana nchini mwao mwaka 1974. Mdogo wangu aliniambia habari za Amsale Gualu, mwanamke wa kwanza kuwa kapteni Ethiopian Airlines, mwaka 2010. Mwaka 2015 aliongoza safari ya kwenda Bangkok ambayo wafanyakazi wote ndani walikuwa wanawake. Kati ya marubani 100 duniani, wanawake hawazidi sana watano. Nikajiuliza kimya kimya: hao wengine, watoto wao walibebwa na nani?

Sasa mambo yalivyo leo, nisiwapake asali. Mdogo wangu amerudi kazini. Safari za kwanza aliruka pamoja na kapteni mwalimu, mpaka akaachiliwa. Miezi mitatu ya kwanza kampuni inamlipa nusu ya mshahara. Kati ya marubani wenzake yuko mwisho wa mstari tena, na wadogo waliobaki kazini sasa wako mbele yake. Babu anakaa kwa mama mdogo siku za zamu, na bado anadai kikombe cha kahawa; mama yule wa Addis alitupa kiwe zawadi. Kwenye sanduku amerudisha dola 180. Ana 420 mbele yake, na amelipa kila mwezi kwa tarehe.

Yule mama aliyeuliza nani atatulipa, juzi alinishika mkono sokoni. Binti yake ni muuguzi, alizaa, na hospitali imemwita arudi. Ameambiwa arudie mafunzo ya juma mbili Bukavu. Mtoto ana miezi mitano. Hakumaliza maneno, nami sikumwacha amalize.

Ndiyo sababu naomba jambo moja liwekwe kwenye mkutano ujao: tutenge fungu dogo la sanduku kwa mwanamke anayeitwa kurudi kazini au mafunzoni akiwa na mtoto wa kunyonya, na tuandike majina ya wale kati yetu walio tayari kuondoka naye na kumbeba mtoto. Fungu liwe la kiasi gani, na lirudishwe kwa miezi mingapi, tubishane huko huko. Mimi jina langu liandikeni la kwanza, kwa likizo ya masomo.

Mkutano ni siku ya posho, saa nane. Saa nane ya kwetu.